Dawa ya kukata damu baada ya kujifungua na dawa ya kuzuia damu isigande, zote zatajwa na prostaglandini. Inakuwaje?

#1 Kandete wa Isyonje (mwanzisha uzi)
Habari za jioni wanajukwaa. Niko Isyonje, ukungu umeshuka tangu saa tisa alasiri, naandika nikiwa jikoni kando ya moto.

Mama yangu ana miaka 71. Tangu apate kiharusi kidogo mwaka juzi anameza aspirini ile ndogo ya miligramu 75, kidonge kimoja kila siku. Wiki iliyopita alikuwa anamenya ndizi, kisu kikateleza kikamkata chini ya kidole gumba. Jeraha lenyewe halikufika nusu ya ukucha. Nilimfunga kitambaa kikalowa, nikamfunga kingine nacho kikalowa. Tulikaa hivyo kuanzia taarifa ya habari ya saa mbili usiku, na damu ilikuja kukata karibu saa nne. Asubuhi nikaona mikono yote miwili ina madoa ya zambarau, na hakumbuki kujigonga popote.

Sasa kinachonichanganya ni hiki. Mwezi huohuo mdogo wangu wa kike alijifungua, na mtoto alipotoka tu muuguzi akampa vidonge vya misoprostoli asije akavuja damu. Nikasoma karatasi ya dawa, imeandikwa inafanana na prostaglandini. Nikasoma habari za aspirini, nazo prostaglandini zimetajwa. Halafu nikakuta dawa nyingine za ukoo huohuo ambazo kazi yake ni kuzuia damu isigande. Ukoo mmoja, huyu anafunga bomba, yule anafungulia. Nielewesheni. Na damu ya mama iligoma kukata kwa sababu gani?

#2 Lumbesa
Pole sana Kandete, mama apone. Mimi nilikuwa najua baridi inagandisha damu, na Isyonje ninavyoijua mwezi huu, huyo mama damu yake ingekatika kabla hujatafuta kitambaa. Nakaa mstari wa mbele hapa nisikie wataalamu.

#3 Mfamasia Mwanjelwa
Kandete, kwanza tutenganishe, maana umeweka wageni watatu kwenye kiti kimoja.

Aspirini siyo prostaglandini, zile kemikali ambazo mwili wenyewe unazitengeneza kupeleka ishara. Aspirini inazuia mwili usitengeneze prostaglandini. Misoprostoli ndiyo prostaglandini ya kutengenezwa kiwandani, imeigwa kutoka kwenye prostaglandini E1 ya mwilini. Na zile ulizosoma kwamba zinazuia damu isigande ni za mfano wa prostasaiklini, kama iloprosti na epoprostenoli. Hizi za mwisho hutazikuta duka la dawa muhimu. Epoprostenoli inaisha kwenye damu ndani ya dakika chache, kwa hiyo mgonjwa anafungiwa pampu inayomtilia dawa usiku na mchana. Wanaitumia kwa watu wenye shinikizo kubwa kwenye mishipa ya mapafu.

Lakini kabla ya yote: mama asiache aspirini kwa ushauri wa uzi huu. Aliyepata kiharusi akiacha ghafla anaweza kupata kingine. Arudi kwa daktari wake na hayo madoa.

#4 Mwalimu wa Maabara
Kamwene wote. Nafundisha kemia hapa Iringa na hili somo nalipenda, naomba nilieleze kuanzia chini.

Utando wa kila seli umejengwa kwa mafuta. Seli ikijeruhiwa, kimeng'enya kinamega kipande cha mafuta hayo, kinaitwa asidi ya arakidoniki. Kimeng'enya cha pili, siklooksijenesi, ambacho watu wa dawa hukiita COX, kinakigeuza kuwa prostaglandini H2. Hapo ndipo penye njia panda. Ndani ya chembe sahani za damu, vile vipande vidogo vinavyoshikana kuziba jeraha, H2 inakuwa tromboksani A2, ambayo inaita chembe nyingine zije zishikane na inabana mshipa. Kwenye ukuta wa mshipa, H2 hiyohiyo inakuwa prostasaiklini, ambayo inaziambia chembe sahani zipite zisisimame na inatanua mshipa. Mama mmoja, watoto wawili, na kutwa nzima wanavutana kwenye damu yako. Tromboksani haikai, nusu yake inaharibika ndani ya sekunde 30 hivi, kwa hiyo inafanya kazi palepale ilipozaliwa.

Aspirini inabandika kipande chake kwenye COX na hakibanduki. Ukuta wa mshipa una kiini cha seli, utatengeneza COX nyingine. Chembe sahani haina kiini. Ikishabandikwa ndiyo basi mpaka ife, na inaishi siku 7 hadi 10. Ndiyo maana kidonge kidogo cha miligramu 75 kinatosha.

Sasa ishara ndani ya seli. Prostasaiklini haiingii ndani ya chembe sahani. Inagonga kipokezi kilichoko nje, na ndani kimeng'enya kinaanza kutengeneza kitu kinaitwa saikliki AMP, kwa mkato cAMP. Hiyo ndiyo breki. Fikirieni lori linashuka mteremko wa Kitonga: tromboksani ni mguu kwenye mafuta, cAMP ni upepo wa breki. Upepo ukiisha, lori limekwenda.

#5 Semi la Tunduma
Mwalimu heshima yako, mengine yote nimekufuata, ila hapo kwenye upepo umepinda. Mimi ni mwaka wa 14 naendesha Dar hadi Tunduma. Breki ya kuegesha ya semi imeshikwa na springi. Upepo ndio unaoisukuma hiyo springi ili tairi ziachie. Upepo ukivuja ukaisha, gari linajifunga lenyewe katikati ya barabara, na halisogei hata ulitukane, mpaka upepo ujae tena. Zile foleni za Kitonga mnazokaa usiku mzima, mara nyingine ni lori moja tu lililoishiwa upepo. Lori linalokwenda bila breki ni jingine, hilo breki zimepata moto.

#6 Mwalimu wa Maabara
Semi, nimesimama nikakaa. Umenisahihisha na mfano umekuwa mzuri kuliko nilivyouleta, subiri uone.

Chembe sahani inayotiririka kwenye damu ni gari linalotembea. Chembe sahani iliyoshikana na wenzake ni gari lililojifunga. Basi cAMP ni upepo kama ulivyousema wewe: ukijaa, magurudumu yameachia, chembe inapita. Ukiisha, chembe inajifunga palepale. Prostasaiklini ndiyo kompresa inayojaza upepo. Mshipa ukikatika, ukuta wake umeharibika, pale kompresa hakuna, na chembe zilizofika zinamwaga tromboksani na kemikali nyingine ya ishara, ADP. ADP inapita kwenye kipokezi kinachozima kompresa. Tromboksani yenyewe inafungulia kalsiamu ndani ya chembe. Kalsiamu ikipanda, ile sahani inabadilika umbo, inatoa mikono kama mizizi, na juu yake vinafunguka vishikio vinavyodaka faibrinojeni, protini iliyomo kwenye damu. Faibrinojeni moja inashikwa na chembe mbili, kama kamba kati ya magari.

Na ndani ya seli kuna vimeng'enya vingine ambavyo kazi yake ni kuharibu cAMP. Huo ndio uvujaji wa upepo. Sasa dawa: dipiridamoli inaziba uvujaji. Klopidogreli inamzuia ADP asizime kompresa. Iloprosti ni kompresa ya kuazima.

#7 Semi la Tunduma
Hapo sasa. Kumbe nimekuwa nikiendesha chembe sahani miaka yote.

#8 Muuguzi Makete
Nimesoma kwa furaha. Miaka 22 niko wodi ya wazazi, naomba nijibu lile la mdogo wake Kandete, kwa sababu mmelipita.

Mama akijifungua, damu haikatwi hasa na chembe sahani. Kondo la nyuma likishabanduka, pale lilipokuwa mishipa imebaki wazi, na damu nyingi inapita hapo kila dakika. Kinachoifunga ni mji wa mimba wenyewe. Misuli yake imepishana kama ukili, na mishipa inapita katikati. Misuli ikikaza, mishipa yote inanyongwa kwa pamoja. Mmeshaona mtu anashona mdomo wa gunia la viazi, akivuta uzi wa mwisho kila tundu linafungwa? Hivyohivyo. Nikiweka mkono tumboni kwa mama nataka nisikie kitu kigumu kama chungwa bichi. Nikisikia laini kama unga uliokandwa, moyo wangu unapiga mbio, maana hapo ndipo tunapopoteza akina mama.

Misoprostoli inaukaza mji wa mimba. Chembe sahani haina habari nazo. Tukiwa na oksitosini tunachoma oksitosini, ndiyo ya kwanza, lakini inataka jokofu. Pasipo na oksitosini mama anameza misoprostoli, vidonge 3 vya maikrogramu 200. Na niwaambie wazi, hii siyo dawa ya kununua ukaiweka kabatini. Mjamzito akiitumia vibaya mji wa mimba unaweza kupasuka.

#9 Kandete wa Isyonje
Shikamoo mama muuguzi. Mdogo wangu baada ya kumeza alitetemeka mpaka kitanda kikawa kinagonga ukuta, na joto likapanda. Sisi tukadhani malaria, shangazi akasema ni baridi imemwingia kwa sababu alifunuliwa. Ni dawa?

#10 Muuguzi Makete
Marahaba mwanangu. Ni dawa. Kutetemeka na homa ndiyo madhara yake yanayoonekana zaidi, na hupita ndani ya saa chache. Prostaglandini za jamii ya E ndizo zinazopandisha joto la mwili hata ukiwa na homa ya kawaida, zinapeleka ishara kwenye ubongo. Aspirini na wenzake hushusha homa kwa kuzuia zisitengenezwe. Ila aliyetoka kujifungua akipata homa tunamwangalia vilevile, hatusemi ni dawa tukalala.

#11 Fundi Hadubini
Mama muuguzi, nakubaliana nawe kwenye misuli, lakini "chembe sahani haina habari" ni haraka mno. Mimi ni wa maabara. Prostaglandini E1 yenyewe, ile ambayo misoprostoli imeigwa kwake, ni moja ya vitu vinavyozuia chembe sahani vizuri kabisa. Kwenye maabara kubwa wanaiweka kwenye damu makusudi wanapoosha chembe sahani, ili zisishikane mikononi mwao. Inapita mlango uleule wa prostasaiklini na cAMP inapanda. Sasa kama baba anafanya hivyo, mtoto aliyeigwa kwake mbona asifanye? Swali la Kandete bado liko palepale.

#12 Mfamasia Mwanjelwa
Fundi, swali zuri. Mtengenezaji wa dawa mwenyewe ameandika kwamba kwa dozi inayoshauriwa, kushikana kwa chembe sahani hakubadiliki. Maelezo yangu ni vipokezi. Prostaglandini zina milango mingi. Kuna wa prostasaiklini, wa tromboksani, na minne ya E peke yake, EP1 hadi EP4. Misoprostoli imebadilishwa umbo, ikawa inaingia zaidi milango ya E, ule wa prostasaiklini haiufungui kama E1 ya asili inavyoufungua. Ufunguo ulichongwa upya, nyumba ya pili haufungui.

#13 Muuguzi Makete
Na dozi je? Misoprostoli ikishamezwa inageuzwa haraka kuwa asidi yake, na kwenye damu haikai saa nyingi. Mimi nadhani mngeweka nyingi mno kwenye kichupa mngeona chembe zinaitikia. Kwa mama aliyelala kitandani haifiki kiasi hicho.

#14 Fundi Hadubini
Inawezekana mko sawa wote wawili, inawezekana mmoja. Ila kuna la tatu. Chembe sahani zina mlango wa EP3, na huo unashusha cAMP. Ndiyo maana prostaglandini E2 ikiwa kidogo inasaidia chembe sahani kushikana, ikiwa nyingi inazizuia. Kitu kilekile! Kwa hiyo misoprostoli kwenye chembe sahani huenda inavutwa huku na huku mpaka inabaki pale ilipo. Na EP3 hiyohiyo iko kwenye misuli ya mji wa mimba, huko inakaza. Mimi sioni kosa kusema ufunguo mmoja unafungua milango miwili na ndani ya kila nyumba kuna mambo tofauti.

#15 Mwana wa Kyela
Wakuu, mama yake Kandete amesahaulika na kidole chake. Kandete, anakula vitunguu saumu? Bibi yangu alikuwa anatafuna punje 4 kila asubuhi kwa ajili ya presha, akawa anatoka damu ya fizi kila akipiga mswaki. Alipoacha, ikaacha.

#16 Fundi Hadubini
Mwana wa Kyela hajakosea. Kitunguu saumu kilichopondwa kina kitu kinaitwa ajoini, na kimeonekana kuzuia chembe sahani. Wapasuaji huwa wanawauliza wagonjwa habari za saumu kabla ya upasuaji. Lakini saumu ya kwenye mchuzi na punje 4 mbichi kila siku si kitu kimoja.

#17 Kandete wa Isyonje
Saumu anatia kwenye maharage tu. Ila mmenikumbusha jambo. Magoti yanamsumbua tangu mvua za Aprili, na alinunua vidonge mahali, wakamwekea kwenye kamfuko kadogo ka nailoni, juu wameandika kwa kalamu 1x3 basi. Jina hakuna. Nimekwenda kukaangalia sasa hivi: vimebaki 6, vya mviringo, rangi ya waridi iliyofifia, upande mmoja kuna mstari. Anasema anameza asubuhi pamoja na aspirini, mchana na usiku.

#18 Lumbesa
Vya waridi ni ibuprofeni hivyo. Nimetumia sana wakati wa kuvuna viazi. Jibu limepatikana.

#19 Mfamasia Mwanjelwa
Lumbesa taratibu. Rangi haitaji jina. Nimeshika mikononi ibuprofeni nyeupe na nimeshika ya waridi, na viko vidonge vya waridi ambavyo havihusiani kabisa na magoti. Mtu kuuziwa dawa isiyo na jina hata kwenye kamfuko kunaniuma kweli, kwa sababu leo hii wote hapa tunapiga ramli kwa jambo ambalo herufi chache zingelimaliza. Kandete, usivitupe. Nenda navyo.

#20 Fundi Hadubini
Tuseme ni ibuprofeni. Hapo damu kugoma kukata kunaeleweka: aspirini imefunga COX, ibuprofeni nayo imefunga COX. Mbili juu ya moja.

#21 Mwalimu wa Maabara
Hapana Fundi, hapo nakupinga. Utafiti uliotoka 2001 ulionyesha kinyume kwenye chembe sahani zenyewe. Ibuprofeni inakaa kwenye tundu la COX kwa muda halafu inatoka. Ikitangulia, aspirini inafika inakuta kiti kina mtu. Na aspirini haikai kwenye damu, nusu yake inapotea ndani ya dakika 15 hadi 20. Ibuprofeni inapokuja kuondoka, aspirini haipo, na chembe sahani zimepona. Kwa hiyo anayemeza ibuprofeni mara tatu kwa siku anaweza kuwa anaiharibu aspirini yake, na hatari yake ni kiharusi kurudi. Siyo damu kuzidi. Ndiyo sababu Marekani 2006 walishauri ibuprofeni ya miligramu 400 inywewe angalau nusu saa baada ya aspirini ya kawaida, au zaidi ya saa 8 kabla yake.

#22 Fundi Hadubini
Utafiti huo naufahamu. Lakini kisu kilimkata saa ngapi? Kama kilimkata saa moja baada ya kidonge cha jioni, wakati huo ibuprofeni yenyewe imekalia COX. Tromboksani haipo, iwe imezuiwa na huyu au na yule. Kuharibu aspirini ni hesabu ya kesho, kidole kinatoka damu leo.

#23 Mwalimu wa Maabara
Na mimi nakwambia hata tromboksani isipokuwepo kabisa, jeraha la nusu ukucha halikai saa mbili. ADP ipo, thrombini ya kugandisha damu ipo, hizo nazo zinazifunga chembe sahani kwa milango yao. Lazima kuna kingine.

#24 Semi la Tunduma
Samahani nirudi nyuma. Mimi mgongo wangu ni diklofenaki, safari nzima. Na mimi nimo?

#25 Mfamasia Mwanjelwa
Semi, kwenye utafiti huohuo wa 2001 diklofenaki haikuizuia aspirini, wala parasetamoli haikuizuia. Kama huna aspirini hilo halikuhusu. Linalokuhusu ni tumbo. Prostaglandini ndizo zinazolinda ukuta wa tumbo dhidi ya tindikali. Unazizuia kila siku, barabarani, mara nyingi bila chakula. Misoprostoli hii tunayoijadili kwa akina mama, Marekani waliiidhinisha 1988 kwa jina la Cytotec, na kazi yake ilikuwa kuzuia vidonda vya tumbo kwa wanaotumia dawa za jamii ya diklofenaki. Ukiona choo cheusi kama lami, usivuke Igawa, ingia hospitali.

#26 Semi la Tunduma
Nimesikia dada. Nashukuru.

#27 Mwana wa Kyela
Hivi ni nani aliyegundua haya mambo? Nimesoma mahali kwamba prostaglandini aligundua Mwingereza John Vane akapewa Nobel.

#28 Mwalimu wa Maabara
Nusu yake. Jina la prostaglandini alilitoa Ulf von Euler wa Sweden miaka ya 1930, akidhani kitu chenyewe kinatoka kwenye tezi ya prosteti. Jina likabaki ingawa karibu kila seli ya mwili inazitengeneza, wanawake kwa wanaume. Vane ndiye aliyeonyesha 1971 kwamba aspirini inafanya kazi kwa kuzuia prostaglandini zisitengenezwe. Tromboksani ilitoka maabara ya Bengt Samuelsson 1975, prostasaiklini ikatoka kwa kundi la Vane 1976. Nobel ya 1982 waligawana watatu: Vane, Samuelsson na Sune Bergström. Na cAMP ni ya Earl Sutherland, Nobel ya 1971. Aspirini ya Bayer ilianza kuuzwa 1899, kwa hiyo watu waliimeza zaidi ya miaka 70 kabla haujajulikana mlango inaoufunga.

#29 Lumbesa
Asante mwalimu. Na la kwangu la baridi mmelikimbia toka #2. Baridi inagandisha damu au haigandishi?

#30 Fundi Hadubini
Lumbesa hukukimbiwa. Baridi inaziamsha kweli chembe sahani. Kwa sababu hiyo, mfuko wa chembe sahani kwenye benki ya damu kwa kawaida hauwekwi kwenye jokofu pamoja na damu nyekundu. Unakaa kwenye nyuzi 20 hadi 24, juu ya kisahani kinachotikisika usiku na mchana zisije zikashikana, na kwa kawaida siku 5 muda wake umekwisha. Zikishapata ubaridi, ukimtilia mgonjwa mwili wake unaziondoa haraka.

Lakini mtu mzima aliyepoa mwili mzima anavuja damu zaidi, kwa sababu vimeng'enya vya kugandisha vinakuwa vizito. Kwa hiyo baridi inakuunga mkono na kukupinga.

#31 Muuguzi Makete
Nami niongeze la baridi, maana Makete mwezi wa 6 na wa 7 asubuhi tunakanyaga barafu kwenye majani. Nina wazee ambao vidole vinakuwa vyeupe, halafu bluu, kwa mishipa kujibana. Ile iloprosti aliyoitaja mfamasia, Marekani waliiidhinisha 2024 kwa watu walioungua vidole kwa baridi kali, ili visikatwe. Inatanua mishipa na kuzuia chembe sahani kwa pamoja. Sisi tunawafundisha glavu za sufu na kutokuota moto kwa karibu.

#32 Bibi Pareto
Wajukuu, mimi siyo wa hospitali, nina miaka 68. Hayo madoa ya zambarau ninayo mikono yote na sijawahi kumeza aspirini. Daktari aliniambia ngozi imekuwa nyembamba kama karatasi ya kitunguu, mishipa haina pa kujificha, jua la shambani miaka yote limeimaliza. Nikishika ndoo tu, doa. Mnahangaika na chembe za damu, mwangalieni mama ngozi yake.

#33 Mfamasia Mwanjelwa
Shikamoo bibi. Hilo ni la kweli na nilipaswa kulianza. Na kuna dawa inayoifanya ngozi hivyo kwa haraka: prednisoloni, dawa kali ya kutuliza uvimbe. Kandete, magoti yalipoa upesi mno alipoanza vile vidonge? Uso umejaa? Anakula kuliko zamani?

#34 Kandete wa Isyonje
Magoti yalipoa siku ya pili. Uso sijui, naona kama amenenepa mashavu lakini ni mama yangu namwona kila siku. Chakula anakula vizuri, tulikuwa tunafurahi.

#35 Mwalimu wa Maabara
Hapo nami nanyamaza kuhusu ibuprofeni.

#36 Fundi Hadubini
Mimi sinyamazi. Hata ibuprofeni inapoza magoti siku ya pili. Kandete, kesho mama apimwe picha kamili ya damu, tujue hesabu ya chembe sahani. Kawaida ni 150,000 hadi 450,000 kwa kila maikrolita.

#37 Kandete wa Isyonje
Ndaga fijo wote. Nimerudi kutoka mjini. Chembe sahani 214,000. Damu haijapungua. Daktari amesema aspirini aendelee nayo, vidonge vya magoti visimame kwa leo mpaka avione, maana mama aliacha kamfuko nyumbani. Kama ni vile alivyoviuliza mfamasia, alisema visikatwe ghafla bila yeye, kwa hiyo anavitaka kesho asubuhi na mapema.

#38 Fundi Hadubini
214,000 ni hesabu nzuri, lakini inahesabu magari yaliyoko barabarani, haisemi upepo ukoje. Kuna mashine inayopima kushikana kwenyewe, aliibuni Gustav Born 1962. Unaweka utegili, ile sehemu ya maji ya damu, wenye chembe sahani, una ukungu kama maji ya kuoshea mchele, mwanga haupiti. Unatia tone la ADP, dakika chache unaona punje zinajitokeza na maji yanakuwa maangavu, mwanga unapita. Kwa aliyemeza aspirini unatia asidi ya arakidoniki, na ukungu unabaki palepale. Niliiona mara moja nikiwa masomoni. Kwa mama wa Kandete ingetuambia kama chembe sahani ndizo zenye tatizo.

#39 Bibi Pareto
Au mngemfinya ngozi ya mkono kidogo muone inarudi baada ya muda gani.

#40 Mfamasia Mwanjelwa
Kandete, daktari amesema vizuri. Kama ni prednisoloni na amezitumia tangu Aprili, mwili umeshazoea, kuzikata kwa siku moja kunaweza kumwangusha. Akizidiwa usiku, akatapika au akaishiwa nguvu, msingoje asubuhi.

#41 Kandete wa Isyonje
Nimekaa naye. Amekula ugali na maharage, anaongea vizuri, jeraha limekauka lina gamba jeusi. Kamfuko nimekafunga kwenye leso pamoja na paketi ya aspirini, vidonge bado ni 6. Basi la kwanza la Mbeya linapita hapa saa kumi na mbili kasorobo.